Uduvi si Hakimu

Siku za soko mjini Taveta ni Jumatano na Jumamosi, na mtu akaaye Bomeni, kama nikaavyo mimi, hahitaji kalenda ili azijue. Kabla jua halijapanda amekwisha kusikia kipaza sauti kikisifu dawa. Ndizi haziitiwi wanunuzi kwa kipaza sauti, wala nyanya, wala maharagwe. Vitu hivi hukaa kimya chini ya kivuli, na watu huvifuata kutoka Voi na Mombasa, na wengine kutoka ng'ambo ya mpaka, Holili. Dawa peke yake ndiyo hupigiwa kelele. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini sipendi kumhukumu mtu kwa methali. Nataka kumhukumu muuza dawa kwa maneno yake mwenyewe, nayo ni mawili. La kwanza ni hili: "Hii ni dawa ya asili, haina madhara." La pili limezuka miaka ya karibuni, baada ya la kwanza kuanza kuchakaa: "Hii imepimwa maabara."

Nadai kwamba maneno haya yote mawili ni matupu mpaka yajibu maswali. Tena nadai kwamba la pili, ambalo huwapendeza watu waliosoma kama ninyi, ni la hatari kuliko la kwanza.

Neno asili lina utamu masikioni mwetu kwa sababu hutukumbusha bibi zetu na mashamba yao. Lakini msunguti nao ni wa asili. Huu ni mti mdogo wenye majani magumu yang'aayo, umeao katika nchi kavu bila kupandwa na mtu. Vipande vyake huchemshwa saa nyingi mpaka maji yake yawe mazito na meusi kama lami, na lami hiyo hupakwa mishale. Kwa sumu hiyo Wawaata, mabingwa wa upinde katika nyika ya Tsavo, waliangusha tembo kwa vizazi vingi, mpaka nyika ile ilipofanywa hifadhi mwaka 1948, na msako wa miaka ya 1956 na 1957 ukawatia wengi wao gerezani kwa ujangili. Ndani ya mti huo mna kitu kiitwacho uabaini, nacho kikiingia katika damu husimamisha moyo. Hakikutoka kiwandani. Mhogo mchungu nao ni wa asili. Watu waliokosa kuuloweka na kuukausha ipasavyo, wakaula siku nyingi bila chakula kingine cha kuujenga mwili, walipatwa na konzo, maradhi yanayopoozesha miguu kwa ghafula, kama ilivyotokea Kongo, Msumbiji na Tanzania. Asili haikufunga mkataba na mwanadamu kwamba haitamdhuru.

Wazee waliijua habari hii vyema kuliko sisi. Mganga wa kweli hakusema kwamba mti wake hauna madhara. Alisema: chukua mzizi, usichukue gome, pima kiasi cha kukaa katika kiganja, asinywe mwenye mimba, asinywe mtoto. Kila sharti katika hayo ni ukiri kwamba mti una nguvu, na chenye nguvu ya kuponya chaweza kuwa na nguvu ya kudhuru. Aliyeleta neno "haina madhara" ni mchuuzi aliyeazima kanzu ya mzee.

Sasa nitaje jambo la nyumbani kwetu, ili msomaji asidhani kwamba naandika kwa kupenda ubishi. Mama mdogo wangu, aliyenilea nilipokuwa katika chuo cha ualimu kwa kunilipia karo kutoka mauzo ya ndizi zake, alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Aliuvumilia miaka mingi kwa vidonge vya hospitali. Siku moja alinunua sokoni chupa ya lita moja ya maji ya rangi ya hudhurungi, yenye karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa maneno yale mawili: asili, na maabara. Aliacha vidonge, akanywa kikombe asubuhi na kikombe jioni. Wiki ya tano macho yake yaligeuka manjano. Tulipomfikisha hospitali, daktari aliuliza amekunywa nini, nami nikarudi nyumbani mbio nikamletea chupa. Aliisoma ile karatasi, akainusa chupa, akaifunga, akanirudishia. Hakuna jina la mti lililoandikwa pale. Hakuna kiasi. Mama mdogo alifariki siku ya tisa.

Daktari hakusema kwamba ameuawa na dawa ile, wala mimi sisemi. Nasema kwamba hakuna aliyejua chupani mlikuwa na nini, si mgonjwa, si daktari, na baada ya kumtafuta muuzaji na kuzungumza naye, naamini hata yeye hakujua. Aliinunua kwa mtu mwingine katika madebe.

Chupa ilibaki nusu, nami niliihifadhi. Miezi mitatu baadaye niliwaambia wanafunzi wangu wa kidato cha tatu kwamba tutaipima wenyewe, kwa kipimo ambacho hutumiwa na wataalamu na ambacho hakikishindi chumba cha sayansi cha shule ya kawaida. Kipimo chenyewe hufanywa kwa vitoto vya mdudu mdogo wa maji ya chumvi aitwaye Artemia. Mimi nitamwita uduvi, kwa kuwa anafanana na uduvi wa bahari na ni wa ukoo wake wa mbali. Mwaka 1956, wakati Wawaata walipokuwa wakisakwa Tsavo kwa mishale yao ya sumu, wataalamu watatu walichapisha shauri kwamba kiumbe huyu atumiwe kupimia sumu. Mwaka 1982 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walilitengeneza shauri hilo liwe njia nyepesi ya kupimia miti ya dawa, nayo ikaenea ulimwenguni. Muhimbili, Dar es Salaam, imetumika kwa miti mingi ya Tanzania. Na mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliitumia kwa miti inywewayo kwa ajili ya malaria huko Msambweni, pwani yetu wenyewe.

Mayai ya uduvi huyu ni ajabu ya Mungu. Ni kama vumbi la kahawia. Gramu moja ina mayai zaidi ya laki moja. Nayo huweza kukaa makavu miaka kadhaa bila kufa, yakingoja maji. Yetu tuliyaagiza kwa muuza samaki wa mapambo Mombasa, ambao huwalisha samaki vitoto hivyo. Tuliyeyusha gramu 38 za chumvi ya bahari katika lita moja ya maji, tukayatia mayai, tukayaangazia taa upande mmoja. Baada ya siku moja na nusu maji yalijaa vitoto vinavyoogelea kwa kurukaruka, na vyote vilisongamana upande wa taa, kwa maana hupenda mwanga. Hapo ndipo tulipovivuta kwa pipeti, kumi kumi, tukavitia katika vichupa.

Dawa tuliikausha juu ya maji ya moto, tukapima masalio yake, tukayachanganya na maji ya chumvi kwa viasi vitatu: mikrogramu 1000 kwa kila mililita, 100, na 10. Kila kiasi kilipewa vichupa vitatu, yaani vitoto thelathini. Vichupa vingine vitatu vilipewa maji ya chumvi matupu. Hivyo vya mwisho ndivyo vinavyotenga kipimo na mchezo, kwa sababu kama vitoto vinakufa hata mahali pasipo na dawa, basi huna la kusema juu ya dawa. Pembeni tulifanya vivyo hivyo kwa majani ya mtupa, mti ambao watu wa zamani waliutwanga na kuutia mtoni ili walevye samaki, jambo ambalo siku hizi sheria hulikataza. Kisha tulifunga mlango, tukangoja saa 24. Kiasi kinachoua nusu ya vitoto kwa muda huo ndicho hesabu itafutwayo. Na kwa desturi, mti usioua nusu hata kwa mikrogramu 1000 huandikwa kuwa hauna sumu.

Kesho yake tulihesabu kwa lenzi. Katika mtupa, vitoto vyote thelathini vya kiasi cha katikati vilikuwa vimekufa, vimelala chini kama chembe za unga. Katika dawa ya mama mdogo, kwa kiasi kikubwa kuliko vyote, vitoto 28 katika thelathini vilikuwa vikiogelea. Katika maji matupu, 29.

Darasa lilishangilia. Mwanafunzi mmoja, tena hodari wa hesabu, alisema: "Mwalimu, basi dawa ile haina sumu." Nami nilisimama pale nikiwa na chupa mkononi, nikaona kwamba neno la kipaza sauti limeingia darasani kwangu, na aliyelifungulia mlango ni mimi.

Kijana yule hakukosea hesabu, alikosea swali. Tulikuwa tumeuliza jambo moja: je, kitu hiki huua vitoto vya uduvi katika saa 24? Tulijibiwa: hapana. Yeye akasikia jibu la swali jingine: je, kitu hiki humdhuru mtu akinywacho wiki tano? Hilo hatukuliuliza, na uduvi hawezi kulijibu, kwa sababu hana ini kama letu. Ziko sumu za miti ambazo zikiingia tumboni hazina ukali wowote, mpaka zifike katika ini. Na ini, katika kazi yake njema ya kuzibadili ili mwili uzitoe, huzigeuza kuwa sumu kali nalo likawa la kwanza kuungua. Kitoto cha uduvi huogelea katika kitu hicho kwa raha. Kadhalika hana miaka. Mapema katika miaka ya 1990, wanawake mjini Brussels, Ubelgiji, walipewa vidonge vya kupunguza unene vyenye mimea ya Kichina, na kwa kufanana kwa majina mmea mmoja uliwekwa badala ya mwingine. Uliowekwa ulikuwa na sumu ya figo. Habari ilichapishwa mwaka 1993. Zaidi ya wanawake mia moja walidhurika figo, na baadhi yao walipata saratani miaka iliyofuata. Sumu hiyo hufanya kazi kwa miezi na miaka. Saa 24 kwake ni kama kupepesa jicho.

Na mtupa je? Uduvi aliuhukumia mauti. Lakini wazee waliokota samaki waliolevywa kwa mtupa, wakawapika, wakawala na watoto wao, wakalala salama. Si kwamba mtupa ni chakula, asiunywe mtu. Ila sumu yake huingia upesi katika matamvua ya samaki, na kwa tumbo la mtu huingia kwa shida. Msunguti nao ni hivyo: hatari yake kubwa ni pale uingiapo kwa jeraha la mshale. Basi tazameni uduvi wetu: aliupatiliza mti ambao mvuvi alikula pamoja nao, na akaiachilia huru chupa ambayo sijui mpaka leo ilifanya nini katika ini la mama mdogo. Hakimu wa namna hiyo hatumpeleki mahakamani. Twamweka mlangoni awe bawabu, atuambie nani wa kuchunguzwa kwanza.

Na ubawabu huo ni kazi ya heshima. Wale wa Purdue hawakuutengeneza uduvi ili atoe vyeti vya usalama. Walitaka kujua, kwa gharama ndogo na bila kuchinja panya wengi, ni miti ipi katika maelfu iliyo na kitu chenye nguvu ndani yake kinachostahili kufuatwa. Kwao mti unaoua vitoto ulikuwa habari njema, kwa kuwa kinachoua chembe hai huenda kikaua chembe za saratani. Katika ukoo ule ule wa msunguti limo ua dogo la waridi lililotoka Bukini, ambalo wengi hulipanda mbele ya nyumba bila kulijua. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 vilitolewa humo vitu viwili vikali, kimoja wapo kikiitwa vinkristini, na hata leo watoto wenye saratani ya damu hutibiwa nacho. Ni sumu. Madaktari huipima kwa miligramu chache na huiogopa. Muuza dawa wa kipaza sauti hana nafasi katika akili yake kwa dawa ya namna hii, iliyo sumu na inaponya kwa sababu ya sumu yake.

Ninaye rafiki, mwalimu mwenzangu, aliyeniambia kwamba kupima miti ya wazee kwa wadudu ni kuwadharau wazee. Namheshimu, lakini sikubali. Mwindaji aliyesimama hatua chache mbele ya tembo na upinde mkononi hakuwa mtu wa kuamini sumu kwa kusifiwa tu. Aliyependa kuishi aliijaribu kabla. Anayewadharau wazee ni yule anayechukua jina lao na kuacha masharti yao.

Rafiki yuyo huyo alinikumbusha habari ya Loliondo, akidhani inamsaidia. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, katika kijiji cha Samunge, aliwapa watu kikombe kwa shilingi 500 za Tanzania, akisema kinaponya ukimwi, kisukari, saratani na mengineyo. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Na watu wa Kenya walikwenda pia, wakivuka mipaka. Mti wenyewe ulikuwa mtandamboo, ambao pale huitwa mugariga, nao ni ndugu wa msunguti na huonekana kama yeye, ila mtandamboo una miiba. Wataalamu wa serikali ya Tanzania waliuchunguza, wakasema hawakuona kwamba kikombe kile kina sumu ya kumdhuru mnywaji. Neno hilo lilikuwa la haki. Lakini masikio ya watu yalilipokeaje? Waliambiwa "haidhuru" wakasikia "inaponya". Wapo walioacha vidonge vyao vya ukimwi na vya kisukari, na wapo waliofia njiani na katika foleni. Kikombe hakikuwaua kwa sumu. Mchungaji Mwasapile alifariki mwaka 2021, na Samunge ikarudi katika ukimya wake.

Hili ndilo nililowaambia wanafunzi wangu siku ile, baada ya shangwe kunyamaza. Mama mdogo angeweza kuwa alikunywa maji safi yenye rangi, na bado chupa ikawa imemdhuru, kwa kuwa ilimtoa katika vidonge vyake. Uduvi hana kisukari. Hakuna kichupa duniani kitakachopima hasara ya dawa uliyoiacha.

Tulifuta ubao, tukaandika upya. Mahali pa "Dawa haina sumu" tuliandika: "Masalio ya chupa hii moja, yaliyokaa miezi mitatu, hayakuua nusu ya vitoto vya Artemia kwa saa 24 hata kwa mikrogramu 1000." Sentensi ndefu, isiyo na mdundo, ambayo haiwezi kuuza kitu kwa kipaza sauti. Yule hodari wa hesabu aliinakili kwa uso wa kununa. Nilifurahi kumwona amenuna.

Jumamosi iliyofuata wanafunzi wanne walikwenda sokoni bila kutumwa na mimi, na madaftari mkononi. Nilikuwa nikinunua viazi, nikasimama mbali kidogo. Walimwamkia muuzaji kwa adabu, "Shikamoo, mzee," naye akaitikia. Kisha waliuliza: mti huu unaitwaje? Ni mzizi au ni jani? Huko maabara ulipimwa juu ya kiumbe gani, kwa kiasi gani, kwa muda gani? Na karatasi ya majibu, tunaweza kuiona?

Muuzaji aliwatazama mmoja mmoja. "Wanangu," akasema, "mwataka kununua, au mwataka kunifanyia mtihani?"

"Twataka kujua kwanza, mzee," akajibu yule wa hesabu.

Mzee aliinama akaongeza sauti ya chombo chake. Mbele yao alikuwa mama mmoja aliyekwisha kufungua pindo la kanga. Alisimama pale na noti mkononi, akiwatazama watoto, akimtazama muuzaji, akisubiri jibu pamoja nao.